Mahari Ikirudi, Mtoto ni wa Nani?

Mume wangu alirudi kutoka machimboni Geita na redio ya kaseti begani na begi kubwa mkononi. Redio ilikuwa inaimba, begi lilikuwa tupu. Mimi nilidhani kaleta sukari na sabuni, maana miaka ile vitu hivyo vilipatikana kwa foleni au kwa kujuana. Nikalidaka begi kwa furaha, nikalipapasa, likanywea mikononi mwangu. Nikamwuliza, "Baba mtoto, hili begi la nini tena?" Akanijibu macho makavu, "La nguo za mtoto. Nakwenda naye Ushetu, akakae na mama."

Tulikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa darasa la tatu hapa Tinde. Ushetu ndiko kwa mama mkwe wangu, mkulima wa tumbaku, na msimu wa tumbaku kila mkono una kazi: kuna kuchuma majani, kuna kuyafunga kwenye fito, kuna kuchungulia moto wa kukaushia. Nikauliza shule itakuwaje. Akasema msichana akishajua kuandika jina lake inatosha, tena akikulia kwa bibi yake atafundwa vizuri, na wachumba wa huko wana ng'ombe. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Haendi," nikasema.

"Haendi kama nani? Mtoto ni wa nani huyu? Si mimi niliyetoa ng'ombe?"

Nilifungua mdomo nimjibu, jibu sikulipata. Hilo ndilo lililonikera kuliko redio, kuliko begi, kuliko hata habari za mwanamke aliyekuwa akiishi naye kule machimboni Rwamgasa, ambazo nilishazisikia kwa madereva wa malori, zikaniuma, zikapoa. Nilikuwa mtu mzima, fundi cherehani ninayejitegemea, nimehudhuria kisomo cha watu wazima mpaka mwalimu akanichoka kwa maswali, lakini sikujua mtoto niliyemzaa mwenyewe ni wa nani. Mume wangu akaniambia shule zikifungwa atakuja kumchukua. Kisha akaondoka na redio yake.

Akufukuzaye hakwambii toka, na mimi nilikuwa nimefukuzwa kitambo bila kuambiwa, tangu mtoto alipokuwa anatambaa. Kwa hiyo kuamua kuachana naye hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kujua watu wanaachanaje. Ndoa zikifungwa nilishaona nyingi: ngoma, pombe, akina mama na vigelegele. Zikivunjwa hakuna aliyewahi kunialika. Na zaidi ya yote nilitaka kujua, hii ya kwangu ikishavunjwa, binti yangu atalala wapi. Nikaanza kuuliza. Kuuliza si ujinga, ingawa pale Tinde wapo walioona nimepungukiwa.

Nilianza na mzee mwenye duka, ambaye cherehani yangu ilikaa barazani kwake. Alikuwa Mwislamu, wazee wake walitoka Ujiji, mtu wa tasbihi na kahawa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nikamwuliza kwao mtu akiachwa mtoto anakwenda wapi.

"Mtoto mdogo ni haki ya mama kumlea," akasema. "Akishaweza kula mwenyewe na kujisafisha mwenyewe, hapo baba naye ana neno."

"Na hiyo ni lini, baba?"

"Miaka saba hivi."

Binti yangu alishaivuka saba, tena kwa mbio. Nikasema, "Basi nimekwisha." Mzee akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Umekwisha kwa sheria ipi? Wewe Mwislamu?" Nikasema hapana. "Hiyo si yako, mwanangu. Nenda katafute ya kwako."

Ya kwangu ni ipi sasa? Jumapili nikamvizia katekista baada ya ibada. Akaniambia kwa upole kwamba ndoa haivunjwi, maana aliyeiunganisha ni Mungu. Nikamwambia, "Hata mimi naafiki, lakini mimi hakuniunganisha Mungu. Aliniunganisha baba yangu, na ng'ombe." Akafikiri, akauliza kama kuna padri aliyetubariki. Nikasema hakuna. "Basi mama," akasema, "kwa upande wetu ninyi hamjaoana." Loo! Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani. Niliingia kule na ndoa iliyooza, nikatoka sina hata ndoa ya kuvunja.

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Huyu angalau alikuwa na habari. Akasema serikali imeleta sheria ya ndoa, na hiyo sheria haichagui Mwislamu, Mkristo wala sisi wa mila, wote tumetiwa chungu kimoja. Aliisikia redioni kwa masikio yake. Nikamwuliza, "Wamesemaje kuhusu mtoto?" Akajikuna shingo. "Betri ziliisha kabla hawajafika hapo."

Ndivyo nilivyofika mahakama ya mwanzo. Hakimu wetu alikuwa mtu wa kutoka Kilimanjaro, mnene, mwenye kikohozi, Kisukuma hajui hata cha kuombea maji. Nilimweleza yote tangu begi. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mama, hapa hatupokei talaka mbichi. Kwanza mnapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, hapo ofisi ya kata. Wakiwapatanisha, heri. Wakishindwa wanawapa hati ya kushindwa, mnakuja nayo hapa."

"Na mtoto ni wa nani?"

"Sheria haiulizi mtoto ni wa nani. Inauliza akae wapi apate ustawi."

"Ustawi ndiyo nini, mheshimiwa?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Alitazama dari, akakohoa, akasema, "Ale. Alale salama. Asome. Asipigwe ovyo. Apendwe." Nikalipenda lile neno hapo hapo. Lakini hakimu akaendelea, na hapo akanitia baridi. Akasema mtoto wa chini ya miaka saba kwa kawaida huachwa kwa mama. Wa kwangu kwa kuwa amezidi, mahakama itasikiliza kila upande, itamwita na yeye mwenyewe, na itawasikiliza wazee wa baraza wanaokaa pamoja na hakimu, ambao ndio wanaojua mila. Mila! Nikaona yale yale, ng'ombe wamenitangulia mpaka mahakamani.

Basi ikabidi nikaulize mila kwa mwenyewe, yaani baba yangu. Kijijini kwetu ni mwendo wa asubuhi kutoka Tinde. Nilimkuta anakata miiba ya kuzibia zizi, na zizi lenyewe lilikuwa la kusikitisha. Ukame ulikuwa umewafyeka ng'ombe wake. Baba yangu alikuwa mtu mkali, na wanasema mimi nimemrithi. Nilipomwambia nataka kuachana na mume wangu hakuinua hata uso.

"Ng'ombe wake wako wapi?" akauliza.

"Si ulipokea wewe, baba?"

"Niliwapokea, nikamwolea kaka yako. Wale ng'ombe wako kwa wakwe wa kaka yako sasa, wanazaa huko. Wewe ukiachika, nitarudisha nini? Nimrudishe wifi yako?"

Wifi yangu alikuwa pale pale anatwanga mtama. Mchi ukasimama hewani. Kisha akaendelea kutwanga, lakini nilipoondoka alinifuata njiani na mikono yake ina vumbi la pumba. Akaniuliza, "Wifi, wewe ukitoka kwa mumeo, na mimi ninatolewa hapa?" Nikamwambia sidhani. Akasema, "Hudhani au unajua?" Nilimpenda kwa swali hilo. Tukarudi wote wawili mpaka zizini, tukamwuliza mzee moja kwa moja. Baba akatutukana kidogo, kisha akaeleza. Ng'ombe waliokwisha kwenda wamekwenda, mwanamke hafukuzwi kwa ajili ya wifi yake. Yeye baba ndiye atakayetafuta wengine, hata watoke kwenye hilo zizi lake la taabu. Na harudishi wote. Binti akiwa amezaa huko, wapo ng'ombe wanaobaki kwa baba wa binti kwa sababu ya mtoto.

"Na mtoto?"

"Mtoto anabaki kwa baba yake. Ndiyo maana ya ng'ombe kubaki."

Alilisema hilo kama mtu anayekuambia jua linatoka wapi. Wifi akapumua kwa sababu yeye alikuwa amepona. Mimi nilirudi Tinde na kichwa kizito, maana sasa nilijua, na nilichokijua sikukipenda hata kidogo.

Nikapeleka shauri langu ofisi ya kata. Baraza la usuluhishi lilimtaka mume wangu aje, na tarishi alisema hana nauli ya kupeleka wito Geita. Nikasema nipeni mimi. Waliona ajabu, mke kumpelekea mumewe barua ya kuitwa shaurini, lakini wakanipa. Nilipanda lori la pamba, nikabadilisha gari, nikalala kwa watu, nikafika Rwamgasa nimejaa vumbi mpaka kwenye meno. Sijawahi kuona ardhi imechokonolewa namna ile. Wanaume wanaingia kwenye mashimo, wao wanayaita maduara, wanatoka weupe vumbi tupu, huwezi kujua nani mzee nani kijana. Wanawake wanaponda mawe kwa vyuma na kuyaosha. Mimi na udadisi wangu nilisahau hata hasira, nikasimama namwuliza mama mmoja dhahabu inakaa upande gani wa jiwe. Akanionyesha kachembe kenye kung'aa kadogo kuliko chawa, nikasema, Mungu wangu, na kwa ajili ya hiki mtu anaacha nyumba?

Mume wangu alikuwa chini shimoni, kibarua kwenye duara la mwenzake. Aliyenipokea ni yule mwanamke wake, mamalishe wa wachimbaji. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alinipa maji ya kunawa na sahani ya ugali kabla hajaniuliza jina, na mtu aliyekulisha huwezi kumtukana hapo hapo, labda baadaye. Tukazungumza. Yeye ndiye aliyeniambia jambo ambalo mume wangu alinificha: duara lake lilikuwa limejaa maji. Alikuwa ameligusa jiwe zuri, maji yakaingia, na bila mashine ya kunyonya lile shimo ni kisima tu.

"Usiku na mchana haongei kitu kingine," akasema. "Anasema dhahabu ipo pale, ni ya kuinama tu. Anatafuta mashine. Ameuza hata redio."

"Ile redio?"

"Ile ile."

Alipotoka shimoni nikampa barua yake. Aliisoma akitabasamu, na lile tabasamu lilinitisha kuliko ngumi. Akasema, "Unataka kuondoka? Ondoka. Nirudishieni mali yangu na mtoto wangu, tuachane kwa amani."

Baraza likakaa ofisi ya kata, chini ya bati lenye joto la kuchemsha mayai. Mwenyekiti alikuwa mzee wa heshima, na pembeni yake mama mmoja wa umoja wa wanawake aliyenitazama kwa huruma tangu mwanzo mpaka nikakereka. Yule mama akanishauri nirudi nimpikie mume wangu, nimbembeleze, mwanamume ni mtoto. Nikamwambia, "Mama, nitampikia wapi? Kule Rwamgasa ana mpishi, na chakula chake nimekila, kitamu." Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata mume wangu.

Lakini alipopewa nafasi ya kusema hakucheka tena. Alisimama akadai ng'ombe wake wote, na ndama waliozaliwa, na mtoto. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba akiwa na mtoto hawezi kurudishiwa wote, hiyo anaijua kila mchunga ng'ombe. Mume wangu akageuka akamtazama baba yangu, aliyekuwa amekaa mlangoni na fimbo yake, akasema, "Mtoto gani? Nimetoa ng'ombe wazima, nimepewa mwanamke aliyezaa mara moja tu, tena msichana. Mimi nimekula hasara."

Nilijua kitakachofuata. Baba yangu akasimama. Sauti yake haikupanda, na akina sisi tuliolelewa naye tunajua kwamba hapo ndipo pabaya. "Atapata wote," akasema. "Sitaki kubaki na mkia wa ng'ombe wake." Kisha akatoka nje.

Nilimkimbilia. Nikamwambia, baba, umefanya nini, utatoa wapi? Akasema, "Ng'wanone, niache," yaani mwanangu, niache, akashika njia ya kijijini. Kule ndani mwenyekiti akaamuru mtoto asiguswe mpaka mahakama iseme, akaandika hati kwamba baraza limeshindwa kutupatanisha. Mwalimu wangu wa kisomo alizoea kutuambia kushindwa ni aibu. Mimi ile hati niliipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kabisa.

Siku ya shauri nilimvalisha binti yangu sare ya shule, kwa sababu sikuwa na nguo nyingine ya kumpa heshima mbele ya serikali. Alikuwa ameambiwa kwamba mama na baba wanaachana na kwamba hakimu anaweza kumwuliza maneno. Tulikaa benchi moja, yeye ukutani chini ya dirisha, mimi pembeni yake. Nje tulisikia kengele za ng'ombe na watu wakiguna. Nilisimama nikachungulia. Baba yangu alikuwa amewaswaga mpaka mahakamani, na kaka yangu nyuma yake. Toba! Walikuwa wachache, wamekonda, mmoja amevunjika pembe, na kandama kamoja kanachechemea. Nilielewa kwa nini watu wanaguna. Alikuwa amekopa wawili watatu kwa majirani ili watimie, na waliobaki walikuwa wake, yaani wote aliokuwa nao duniani.

"Nini, mama?" binti yangu akauliza. Dirisha lilikuwa juu ya kimo chake.

"Kaa chini," nikamwambia.

Hakimu alianza na nyumba, na hapo nilijifunza jambo. Aliuliza tulichuma nini pamoja. Nikajibu hatukuchuma kitu, nyumba ni ya mume wangu, bati alinunua yeye. Hakimu akaniuliza, "Matofali nani alifyatua?" Nikasema tulifyatua wote. "Maji nani aliteka?" Mimi. "Nani aliikandika?" Mimi na wifi yangu. "Na tangu baba mtoto aende machimboni, nani anaitengeneza ikivuja?" Nikasema ni mimi, nani mwingine? "Basi mama, na wewe umechuma," akasema, akaandika. Miaka yote ile nilikuwa nimechuma na sijui!

Kisha yakaja ya ng'ombe. Mume wangu akarudia dai lake: wote, na ndama. Hakimu akamwuliza baba yangu kama anakubali. Baba akasema wako nje, ahesabiwe achukue. Wazee wa baraza walikuwa wawili. Mmoja alisinzia sana. Wa pili, mzee mwembamba mvuta ugoro, akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Kijana," akamwambia mume wangu, "umesikia mkwe wako? Hakuzuia hata mmoja kwa ajili ya mtoto. Anakurudishia wote."

"Nimesikia, mzee. Ndivyo ninavyotaka."

"Na wewe ni Msukuma?"

"Sana."

"Basi unajua. Ng'ombe wa mtoto wakibaki kwa babu yake, mtoto anabaki kwako. Ukiwachukua wote, mpaka kale kandama, umechukua na ng'ombe wa mtoto. Huwezi kuwa naye na ng'ombe wake. Kwa mila yetu anakwenda kwa mama yake, na kwao. Waache wa mtoto umchukue mtoto, au chukua wote umwache. Sema, tusikie."

Nilimtazama baba yangu; alikuwa anakagua ncha ya fimbo yake. Nilimtazama mume wangu, nikaona rangi inamtoka. Hakuwa amelifikiria. Mtu mzima, amekua na ng'ombe, lakini ule mgodi na mashine yake ya kunyonya maji vilikuwa vimemjaa kichwani mpaka hakuona kilicho wazi kwa kila mtoto anayechunga. Akaomba atoke kidogo. Hakimu akamruhusu.

Nilisimama tena dirishani, sikuweza kujizuia. Aliwazunguka wale ng'ombe. Alimpapasa mmoja mgongoni, akamfunua mwingine mdomo. Alisimama muda mrefu mbele ya yule dume mwenye pembe iliyovunjika. Mimi nilikuwa naomba kwa moyo wangu wote, sitaficha: achague ng'ombe, Mungu wangu, achague ng'ombe. Niliwaombea wanenepe pale pale walipo. Binti yangu akanivuta kanga, "Mama, baba anafanya nini?" Nikasema anafikiri.

Akarudi ndani. Hakukaa. Akasema, "Nachukua ng'ombe."

Furaha ilinipanda mpaka kooni, nusura nipige kigelegele mahakamani. Kisha nikahisi mkono wa binti yangu umeachia kanga yangu. Nikainama nikamtazama. Hakuwa analia. Alikuwa anamwangalia baba yake kwa makini, kama anavyoangalia ubao mwalimu akiandika hesabu. Furaha yangu yote ikakatika hapo hapo. Jamani, nilikuwa nimeomba kitu na nilikuwa nimepewa, na kilikuwa kimepita juu ya kichwa cha mtoto.

Hakimu akaweka kalamu chini. Akasema, na nadhani alisema kwa ajili ya binti yangu, kwamba mahakama ile haibadilishani mtoto na ng'ombe, na hata kama mume wangu angechagua vingine bado sheria ingeuliza lile lile, mtoto atastawi wapi. Akamwita mbele. Akamwuliza anapenda nini shuleni, akajibu hesabu. Akamwuliza angependa kukaa wapi. Akajibu, "Kwa mama," kwa sauti ndogo lakini iliyosikika. Basi ikaandikwa: talaka imetolewa, mtoto akae kwangu asome, baba aruhusiwe kumwona, na wajibu wa kumtunza haujamwondoka, nyumba tukae sisi. Yote niliyoyaulizia kwa watu wote wale yalisemwa kwa muda mfupi kuliko kupika chai.

Nje mume wangu, sasa si mume wangu tena, alikuja akamwekea binti yake mkono kichwani. Akasema, "Soma sana." Naamini alimaanisha. Akageuka, akashika njia ya Kahama nyuma ya ng'ombe wake, na vumbi likawafunika wote kabla mtoto hajawaona vizuri.

Nilimfuata baba yangu. Nikamwuliza, "Baba, siku ile pale kwenye baraza, uliposema atapata wote, ulikuwa na hasira au ulikuwa umeshajua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba akichukua wote, mtoto ni wetu."

Akatema mate pembeni. "Nyinyi wa mjini mnauliza mno," akasema, akaomba ugoro kwa yule mzee wa baraza, wakaondoka wawili wakizungumza mambo ya mvua. Alikufa hajanijibu, na kaka yangu naye hajui. Wakati mwingine nasema ilikuwa hasira tupu, ndiyo tabia yake. Wakati mwingine namwona pale anakagua fimbo, nasema, hapana, yule mzee alijua.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na binti yangu, pembeni ya barabara kuu. Malori ya kwenda Kahama yalikuwa yanapita, na kila likipita tunasogea majanini. Sikujua nimwambie nini. Nilikuwa nimeuliza watu wote mambo ya ndoa, ya talaka, ya mahari, na hakuna aliyenifundisha mtu anamwambia nini mtoto siku ya namna ile. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mama, wale ng'ombe walikuwa wengi?"

Nilielewa anauliza nini. Nilimwona yule dume mwenye pembe moja, na kandama kanachechemea, na mbavu zao.

"Wengi," nikasema. "Wengi mno, mwanangu. Babu yako ametoa zizi zima."

Lori jingine likapita, tukasogea majanini, tukarudi barabarani. Nilidhani yameisha.

"Sasa babu atakunywa maziwa gani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipolia, katikati ya barabara, malori yananipigia honi, na mtoto wangu ananivuta mkono nisije nikagongwa.